Waragi ya Matumbawe

Siku Damalie Taaka alipokubali kulivunja pipa lake, Bulumbi nzima ilijua kabla ya jua kuzama, na mwalimu mmoja mstaafu alilia machozi ya kweli. Hiyo si chumvi. Watu walimwona ameketi kwenye ukingo wa barabara akijipangusa kwa kofia.

Sharti lilitoka kwa kaka yake, Mangeni, shemasi wa kanisa na msemaji wa ukoo tangu baba yao alipofariki. Jumapili ya shukrani, Taaka aje mbele ya waumini na pipa lake la waragi, pombe kali ambayo Wakenya huiita chang'aa, na bomba lake la shaba, avipige shoka kwa mkono wake mwenyewe. Akikataa, aondoke kwenye ardhi ya baba. Taaka hakuwa mwanamke wa kuambiwa. Kama ungemwambia mvua inanyesha angetoka nje kuhakikisha. Lakini safari hii alikubali, na sababu yake ilikuwa moja tu: alikuwa amechoka. Amebishana na kaka yake miaka na miaka, magoti yanauma, binti yake Joan ana kazi. Akasema, basi, na iishe. Kuchoka si dhambi, ingawa mtu akichoka hutoa ahadi za kijinga.

Ujuzi wa kupika waragi aliupatia ng'ambo ya mpaka. Usichana wake wote aliumaliza mpakani Busia akivusha mizigo, sukari ikienda huku, sabuni ikirudi kule, na huko upande wa Kenya ndiko alikokutana na Lenox, mwanamume wa maneno mengi na kazi chache. Lenox hatuna haja naye. Mwenye maana ni mama yake, Anyango, aliyekuwa akipika chang'aa kando ya mto na kuogopwa na askari. Anyango alimtazama mkaza mwana wake akiwa na mimba, akamwambia mume anaweza kupotea lakini ujuzi haupotei, akamketisha mbele ya moto na kumfundisha. Alimjua mwanawe vizuri. Joan hakuwa ameota hata jino Lenox alipotoweka, na Taaka akarudi Bulumbi na mtoto mgongoni na bomba la shaba kichwani, limeviringishwa ndani ya kanga. Bomba lilikuwa zawadi ya mama mkwe.

Baba yake, Mungu amlaze pema, alimkatia kipande cha ardhi kando ya kijito, pale chini penye maji maji ambapo hakuna mtoto wa kiume aliyepatamani. Hapo Taaka alipanga mawe matatu, akatega pipa, akaunganisha bomba, akalipitisha ndani ya maji ya kijito lipate kupoa, na kuanzia hapo akawa Mama Joan mpika waragi. Pipa lile ndilo lililomsomesha Joan kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu. Watu wa kanisa walimsema asubuhi na kumtembelea jioni, na yeye aliwakaribisha wote kwa kuwa aliyajua majina yao na vipimo vyao. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, hivyo ndivyo alivyowaambia, akiwamiminia.

Joan naye alipata kazi Tororo, kwenye maabara inayochunguza mbu wa malaria. Halafu akaamua kuongeza shahada, na akachagua kusomea matumbawe laini, wale viumbe wa baharini wasiojenga mwamba mgumu kama ndugu zao, wanaokaa chini ya maji wakipepea vidole. Alitaka kujua nani ni ndugu wa nani katika wao. Habari hii ilipofika Bulumbi ilichekwa wiki nzima. Matumbawe? Sisi hapa tunaletewa dagaa wa mukene kutoka ziwani na hata hao wanafika wamekauka! Ila neno lililobaki lilikuwa la Mangeni. Alilisema baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama mlangoni: "Mtoto asiye na ukoo amekwenda kutafuta ndugu zake baharini."

Watu walicheka. Taaka alikuwa amesimama palepale, Biblia mkononi. Hakumjibu, na kwa kuwa hakumjibu, neno lile lilimkaa kifuani likaota mizizi.

Sasa tufike Jumamosi, siku moja kabla ya shoka. Taaka alikuwa amelisugua pipa kwa majivu, likang'aa, maana hakutaka watu waseme amelivunja likiwa chafu. Bomba alilichomoa akaliegemeza ukutani. Palibaki tangi moja la plastiki lenye molasi iliyochachuka vizuri, na alikuwa akipanga kuwamwagia nguruwe wa jirani, ndipo akasikia pikipiki ya Okwi ikikohoa njiani.

Okwi ni kijana wa Kiteso anayebeba watu kutoka mpakani, mteja wa kila Ijumaa. Alikuwa ametapakaa tope kutoka kofia hadi viatu. Nyuma yake alikaa Joan, naye ni tope, amekumbatia sanduku la plastiki lililopasuka kona.

"Mama Joan, si makosa yangu," Okwi alianza kabla hajazima injini. "Hii shimo ya pale kwa daraja imejaa maji. Mtu hawezi jua iko ndefu namna gani."

"Na macho yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa mbele, mama. Shimo ndio ilikuwa chini."

Joan hakucheka. Aliweka sanduku chini ya kivuli cha nyumba, akalifungua, na mama yake akaona chupa zimefyatuka vifuniko, spiriti yote imemwagika, na ndani yake vipande vya kitu fulani cha rangi ya ini na kijivu, laini, vimelegea kama vidole vya glavu za mpira. Vilinuka bahari, harufu ambayo Taaka hakuwa ameinusa maisha yake yote, na hakuipenda.

Joan alieleza akiwa amepiga magoti. Vipande hivi alivitoa pwani, kwa ruhusa iliyochukua mwaka mzima kuipata. Vikikaa hivi bila spiriti kali, kufikia kesho vitakuwa vimeoza, na kile anachokitafuta ndani yake kitakuwa kimekatikakatika kisisomeke. Maabara ya Tororo ina spiriti, lakini stoo imefungwa mpaka Jumatatu, na mwenye ufunguo amekwenda kwenye matanga kijijini Sop Sop, simu amezima. Muda wa kurudi pwani haupo. Chuo kimeshampa tarehe ya mwisho.

"Spiriti ya duka la dawa?" mama aliuliza.

"Ile ina vitu vingine ndani. Siiamini."

"Na waragi ya mama yako haina vitu vingine?"

Joan aliinua uso. "Ya kwako naijua, Mama. Nimeiona ikitoka tangu nikiwa mdogo."

Taaka aligeuka akalitazama bomba ukutani. Asidhani mtu kwamba alisita kwa kumwogopa Mangeni. Alisita kwa sababu alikuwa ametoa neno lake, na neno lake lilikuwa kitu pekee ambacho Bulumbi haikuwahi kukitilia maji. Kesho watu watakuja kanisani kuona pipa likivunjwa. Akiwasha moto leo, amevunja neno badala ya pipa, na Mangeni amepata alichokuwa akikitafuta tangu zamani, sababu safi ya kumtoa. Nyumba hii, kijito hiki, kaburi la baba pale juu, vyote vingekwenda. Upande mwingine kulikuwa na mtoto wake amepiga magoti kwenye vumbi mbele ya vidole vya mpira vinavyonuka.

"Unataka kali kiasi gani?"

"Kali kuliko unayouza."

"Kuliko ya Krismasi?"

"Kuliko hiyo, Mama."

Taaka alifunga kanga kiunoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. "Okwi! Lete kuni. Wewe ndio uliangusha, wewe ndio utachochea."

Wakamimina molasi ndani ya pipa, wakaunganisha bomba, Taaka akaziba maungio kwa unga wa muhogo uliokandwa, akipapasa kwa kidole kama anayetafuta jino bovu. Moto ukashika. Baada ya muda matone ya kwanza yakaanza kutoka, yale ambayo wapika waragi huyaita kichwa. Hayo Taaka huyamwaga siku zote, hata mteja akilia, kwa kuwa yanapofusha. Alinyoosha mkono kuyamwaga, kisha akauzuia.

"Joan, hivi viumbe vyako vina macho?"

"Havina, Mama. Na vimeshakufa."

"Basi vyenyewe vitakunywa kichwa."

Hapo Joan alicheka, kwa mara ya kwanza tangu kwenye shimo. Waragi iliyotoka waliirudisha ndani ya pipa wakaipika mara ya pili, na ya pili wakaipika mara ya tatu. Taaka alichovya kitambaa, akakiwasha. Waragi ya kawaida huungua na kukiacha kitambaa kibichi. Hii iliungua mpaka kitambaa chenyewe kikashika moto, na Okwi akasema kwa heshima kubwa kwamba yeye hiyo hangeinywa.

"Nani amekupa?" Taaka alimwambia.

Walipokuwa wakingoja matone, aliuliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza. Unatafuta nini ndani ya hivi vidole? Joan akamweleza polepole, akichora kwa kijiti kwenye majivu. Ndani ya mwili wa kila kiumbe, alisema, mna vijumba vidogo mno, na ndani ya kila kijumba mna majiko madogo ya kutengeneza nguvu. Yanaitwa mitokondria. Majiko haya yana maandishi yao wenyewe, mbali na maandishi makubwa ya mwili, na maandishi hayo mtoto huyapata kwa mama. Baba hachangii kitu hapo. Mama kwa mama kwa mama, kurudi nyuma mpaka huko ambako hakuna anayekumbuka.

Taaka aliacha kuchochea. "Rudia."

Joan akarudia.

"Hata kwa watu?"

"Hata kwa watu."

"Kwa hiyo jiko lililo ndani yako ni langu."

"Ni lako, na la bibi, na la mama yake bibi."

Taaka alisimama wima, mwiko mkononi, uso umemwaka. "Leo Mangeni atanijua! Nakwenda sasa hivi! Anasema ukoo haupiti kwangu, sijui mimi nimekaa hapa kwa huruma. Nitamwambia jiko linapita kwangu!"

"Mama, keti kwanza. Usiende na hilo." Joan alimshika kanga. "Hata kwa matumbawe hilo peke yake linadanganya. Haya matumbawe laini yana fundi wa ajabu ndani ya majiko yao, jeni moja ambayo wanyama wengine hawana mahali hapo. Wataalamu wanadhani iliingia kutoka nje zamani sana, mgeni aliyefika akakaa. Inaelekea kazi yake ni kurekebisha makosa maandishi yanaponakiliwa. Kwa hiyo maandishi ya majiko yao yanabadilika polepole mno. Koo mbili zinaweza kuwa zimeachana zamani za zamani, na ukisoma upande wa mama unaziona kama pacha. Tena wakati mwingine koo hizo ziliwahi kuzaana, basi unakuta jiko la ukoo huu ndani ya mwili wa ukoo ule. Kuna watu walisoma upande wa mama tu wakawaweka wote nyumba moja. Walikosea. Lazima usome pande zote mbili."

Taaka aliketi. Alionekana ameporwa kitu. Alitazama matone yakidondoka, akafikiri, na sisi tunaomjua tungeweza kumwambia Joan kwamba mama yake akinyamaza hivyo ni afadhali mtu ajifiche.

"Anayesoma upande wa mama peke yake anapotea," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na anayesoma upande wa baba peke yake?"

"Naye anapotea, Mama," Joan alisema.

"Hicho kinanitosha."

Walikuwa wamejaza chupa karibu zote Mangeni alipotokea, akiwa amevaa koti la kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi. Moshi alikuwa ameuona kutoka juu. Hakusalimia, na kwa watu wetu mtu mzima asiyesalimia amekuja na vita.

"Taaka! Ulitoa neno mbele ya mchungaji!"

"Nilitoa."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni moto, kaka. Karibu uote."

"Wewe ni binti. Uliondoka hapa ukaenda kuolewa, ukarudi na mtoto wa watu na bomba la watu. Baba alikuhurumia. Mimi si baba. Huyu mtoto hana kwao, na wewe unamfundisha ulevi!"

Taaka alikuwa ameshika chupa ya mwisho, yenye kipande kikubwa kuliko vyote, chenye matawi kama mkono wa mtu. Aliimimina waragi ndani akiwa anamtazama kaka yake machoni, na mkono wake, ambao kwa maisha yake yote umekuwa ukiwaonea huruma wanywaji wa Bulumbi, ukafanya kile unachokifanya kila siku. Ulinyanyua kata ya maji ukaizimua waragi, nusu kwa nusu, iwe laini kooni.

"Mama!" Joan alipiga kelele, akiwa amechelewa.

Taaka aliitazama kata mkononi, akatazama chupa. Waragi nyingine haikubaki. Macho yalimjaa machozi, ya hasira kuliko ya huzuni, akamgeukia Mangeni.

"Umeona? Umenifanya nimeharibu kazi ya mtoto wangu. Sasa sikia. Kesho nakuja kanisani, lakini pipa halitakuja. Neno langu nimelivunja, na hilo nitamjibu Mungu, wewe hapana. Na huyu mtoto ana kwao. Ni hapo uliposimama."

Mangeni aliondoka akisema ukoo utakaa kikao. Joan alifunga chupa zake, akaiweka pembeni ile iliyozimuliwa, akamkumbatia mama yake tope kwa moshi. Okwi aliwasha pikipiki akaenda Tororo kwa mwendo wa maiti, akilikwepa hata jani, na Joan nyuma yake na sanduku mapajani.

Jumapili Taaka alivaa gomesi yake ya rangi ya chungwa, yenye mabega yaliyosimama, akaenda kanisani mikono mitupu. Shoka lilikuwa pale mbele, limeegemezwa kwenye meza. Aliketi mstari wa kwanza, ng'ambo tu ya shoka, akaimba kila wimbo kwa sauti kuliko kwaya. Mchungaji alilitazama shoka, akamtazama Taaka, akahubiri juu ya mpanzi.

Ukoo ukakaa siku chache baadaye, sebuleni kwa Mangeni, kwenye viti vya plastiki. Taaka alipopewa nafasi hakupiga magoti kuomba. Aliwaambia habari za matumbawe. Aliwaambia kuna viumbe baharini ambao ukisoma upande wao mmoja unawaita ndugu ambao si ndugu, na unawafukuza ndugu wa kweli, na wasomi wakubwa wamekosea hivyo kwa miaka mingi. "Ninyi mnanisoma upande mmoja," alisema. "Mnamsoma Joan upande mmoja. Upande mmoja unawapoteza, na hamjui kama mmepotea."

Mzee mmoja alitaka kujua kama hao viumbe wanakunywa waragi.

"Wamekunywa yangu," Taaka alijibu. "Sijasikia malalamiko."

Walicheka mpaka chai ikamwagika, na baada ya kicheko ni vigumu kumfukuza mtu. Lakini Mangeni hakucheka, na alijua kungoja. Uamuzi uliotoka ulikuwa wa kwake, umevalishwa nguo za wazee: Taaka atakaa, kwa kuwa baba alimpa mahali. Ya pipa ni kati yake na Mungu wake. Ila asijenge pale kitu chochote cha kudumu, si yeye wala mtoto wake. Udongo na majani, sawa. Siku Taaka akifa, mvua itapamaliza, na ardhi itarudi kwa wenyewe.

Wazee walidhani wamemhurumia. Taaka alielewa vizuri walichomwambia. Joan alikuwa wa kufutwa na mvua.

Hakulala na neno hilo muda mrefu. Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi Okwi alipokuja kutoka Tororo na mfuko wa saruji umefungwa nyuma ya pikipiki, na mchanga ulikuwa umeshasombwa. Taaka aliyaondoa mawe yake matatu, yaliyokaa pale tangu Joan akiwa mgongoni, akayatumia kwa msingi, akaanza kujenga jiko la saruji, pana, lenye ukuta wa kukingia upepo na ukingo wa mbele wa kukalia. Mawe matatu mtu huyahamisha akihama, lakini jiko la saruji halibebeki. Kila aliyepita njiani alielewa, na wengi walipita.

Joan alifika mchana, safari hii kwa gari, bila kuanguka. Alikuja na majibu, na alianza kuyasema hata kabla ya kupewa maji. Chupa zote za waragi zilisomeka, Mama! Zote, safi, isipokuwa ile moja, na spishi ile alikuwa nayo kwenye chupa nyingine pia. Na yale matumbawe mawili yaliyomsumbua, yanayofanana kama mapacha, upande wa mama yalisomeka nyumba moja, na upande wa pili yalisomeka nyumba mbili, mbali kabisa. Mwalimu wake alimtaka aandike tu kwamba vipande vilihifadhiwa kwenye spiriti. Joan alikataa. Ameandika waragi, iliyopikwa mara tatu na Damalie Taaka, Bulumbi.

"Jina langu lote?"

"Lote."

Taaka aligeuka akaendelea kusawazisha saruji kwa mwiko, kwa kuwa hakutaka mtoto amwone uso.

Ndipo Mangeni akaja. Safari hii hakuwa na koti. Alisimama mbele ya jiko, akautazama ukingo wa mbele, bado mbichi, laini, ukimeremeta maji.

"Tulisema kitu cha kudumu hapana."

"Mlisema."

"Hii ni nini?"

"Hii ni ya kudumu, kaka."

Majirani walikuwa wamesimama njiani, hakuna aliyejifanya ana shughuli. Mangeni aliinua mguu. Kiatu chake kilikuwa juu ya saruji, hakijagusa, na Okwi alishika koleo kwa nguvu bila kujua atalifanyia nini. Taaka hakumzuia. Alisogea kando akampa nafasi.

"Kanyaga," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sitarekebisha. Itakauka na mguu wako. Wajukuu zako watauliza huu ni mguu wa nani, na mimi, au Joan, au mtoto wa Joan, tutakuwa tumekaa hapa kuwajibu."

Mguu ulikaa hewani. Mangeni alimtazama dada yake, akamtazama Joan, na kwa mara ya kwanza alimtazama Joan kwa muda mrefu, kana kwamba anatafuta uso wa mtu anayemjua. Sijui alimwona nani. Joan ana paji la uso la babu yake, kila mtu anajua hilo. Mangeni aliushusha mguu kwenye nyasi, akageuka, akapanda kilima polepole. Hakuna aliyecheka, na Taaka aliwakaripia waliotaka kucheka, kwa kuwa yule ni kaka yake, hawezi kuchekwa na watu baki.

Kisha aliingia ndani akatoka na chupa iliyokuwa dirishani tangu siku ile, ile aliyoizimua kwa maji. Kilichokuwa ndani kilikuwa kimefifia rangi, kimeanza kuvimba, hakifai tena kusomeka. Alikichukua kwa vidole viwili akakibandika kwenye saruji mbichi, katikati ya ukingo wa mbele, mahali ambapo Mangeni angekanyaga. Akakikandamiza kwa kiganja, akakibandua. Palibaki alama ya matawi na vidole vyake, na hata vitundu vidogo vilionekana.

Joan aliinama akaitazama, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, umefanya nini? Miaka mingi ijayo watu watachimba hapa waikute hii. Watadhani bahari ilifika Bulumbi!"

Taaka alinawa mikono kwenye kijito, akaikung'uta, akaja kusimama karibu na binti yake mbele ya jiko.

"Ilifika," alisema.